Diski ya Ng'ombe Mwekundu

"Hii inafutika, ila deki za zamani huwa zinaikataa," alisema fundi wa kompyuta pale Ikungi akionyesha diski mbili tupu, kabla ya kuchoma video ya harusi ya mjukuu. "Hii nyingine haifutiki, na deki yoyote inaisoma."

"Tupe inayofutika," mzee alidakia.

Yunisi alimtazama mumewe. Kwenye kompyuta, mzee huyohuyo alisimama katikati ya ukumbi, kofia imepinda, akimwahidi mjukuu wao ng'ombe mwekundu mwenye mimba. Tangu siku ile anakana kwamba aliwahi kutamka neno ng'ombe.

Yunisi akaishika isiyofutika kwa ukingo, akaipangusa taratibu kwa pindo la khanga.

"Niwekee kwenye hii, baba," alimwambia fundi. "Halafu unielekeze wanapouza kamba ya kufungia ng'ombe."