Kausha

Siku hizi chombo hakitoki ziwa moja kwenda jingine mpaka kikauke kabisa, kisije kikabeba kome wageni wanaong'ang'ania chini yake. Mtambo wa langoni ukihisi unyevu, hata tone, kungoja kunaanza upya.

Nyanjura alikuwa ameanika mtumbwi wake hapo langoni mpaka mbao zimeanza kupasuka. Alikaa ndani yake, kampakata mwanawe mchanga. Taa ya mtambo ilikaribia kuwa kijani pale mtoto alipoangua kilio. Chozi likadondokea ubao, taa ikarudi nyekundu.

"Jamani, hili ni chozi! Kome gani anaishi kwenye chozi?"

"Dada, kausha," mlinzi akanong'ona.

"Nikaushe nini tena, mtumbwi au mdomo?"

"Vyote."

Mara boti la wakubwa likaja juu ya trela, magugu ya ziwani yakining'inia, maji yakichuruzika njia nzima. Mlinzi akauzima mtambo mpaka likapita, kisha akapiga saluti.

Nyanjura akainuka apige kelele. Mtoto naye akakunja uso, tayari kulia. Kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ulishamziba mwanawe mdomo.

"Kausha, mwanangu," akanong'ona, kwa sauti ile ile ya mlinzi.