Sauti Zilingane

"Woi! Cucu, huwezi amini! Wacha nikuambie kabla nipa—"

"Chini! Chini!" Sheila akanong'ona. "Utamshtua Cucu!"

Kawira akanyamaza papo hapo, katikati ya neno. Redioni, habari za Kiembu zikaendelea.

Nyamu alikuwa amepiga magoti nyuma ya stereo, waya zimemzunguka. Alimwangalia Sheila, mkewe. Tangu Jumatatu ni mikono tu ilikuwa inafanya kazi.

"Huyo ni Kawira?" Mama yake Nyamu, Cucu Ciakuthii, nyanya wa Kawira, aliuliza kutoka kitandani, nyuma ya pazia. Macho yake yaliisha kitambo. Masikio bado.

"Utamsikia sasa hivi, Mama," Sheila akajibu.

"Mwambie mimi si kiziwi. Hapa si mnada wa mbuzi."

Shida ilikuwa hiyo redio. Daktari alisema moyo wa Cucu hauwezi kubeba habari mbaya ya ghafla, kwa hivyo pasta angekuja kesho amwambie pole pole. Lakini jioni hii, habari zikiisha, jina lingesomwa kwa matangazo ya vifo. Na huwezi kuzima tu. Ukizima redio saa ya vifo, Cucu anauliza, "Ni nani wetu?" Mtu mmoja tu ndiye alikuwa na ruhusa ya kumzimia redio: Kawira, akiingia mbio na habari zake za chuo, hata salamu hakuna.

Kwa hivyo ilibidi redio itoke na deki, yenye kanda aliyorekodi Kawira, iingie bila mshindo wowote. Na hizo mbili hazikuwa zinapatana kabisa. Kwa amplifaya ile ile moja, redio inanong'ona, deki inabweka kama spika ya krusedi ya injili. Kivuti, fundi wa huko Embu mjini, alikuwa ameweka kitufe kidogo cha kuzungusha kwa waya wa deki.

"Ile volyumu kubwa ya mbele usiguse," alimwambia Nyamu. "Shusha deki peke yake mpaka ilingane na redio. Ukipita hapo, hata mtoto atajua."

Nyamu akazungusha kidogo. Akarudisha nyuma nusu ya hiyo kidogo. Akachukua rangi nyekundu ya kucha ya Kawira, ilikuwa hapo juu ya kabati, akaweka tone moja mahali kitufe kimesimama.

"Umerudisha kanda mwanzo?" Sheila akauliza.

Nyamu akaitikia kwa kichwa.

Habari zikaisha. Ukaingia ule wimbo wa huzuni ambao kila boma inaujua, watu huweka kikombe chini kwanza. Mtangazaji akakohoa.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha—"

Nyamu akabonyeza swichi ya deki.

"Woi! Cucu, huwezi amini! Wacha nikuambie kabla nipasuke! Nimepita! Mitihani yote, Cucu, hata ile hesabu ilikuwa inanikalia kichwani! Na kazi nimepata hapa hapa Embu, kwa hivyo jiandae, nitakuwa nakusumbua kila jioni. Halafu kuna kijana anaitwa Njiru... shhh! Baba asisikie hiyo!"

Kilikuwa kicheko cha mtu amesimama hapo mlangoni, akivua viatu. Hakuna mshindo. Hakuna mkwaruzo. Kivuti angefurahi.

Sheila alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Nyamu alingoja ahisi kitu. Alihisi baridi ya sakafu kwa magoti, basi.

Pazia likasogea. Cucu alikuwa ameketi wima kitandani, kitambaa cha kanisa kichwani, mikono imekunjwa.

"Mara hii umeweza, Nyamu. Hiyo deki na redio zimelingana," alisema. "Sasa rudisha redio, baba. Nataka niwasikie wakisoma jina la Kawira."

Kidole cha Nyamu kilikuwa juu ya swichi. Hakikushuka.

"...mengine kesho, Cucu! Usilale mapema! Kesho nakuambia yote!"