Vizuri Sana, Tuendelee

Nilikuwa bafuni nanyoa ndevu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikifundisha sebuleni. Tangu ugonjwa wa mlipuko ufunge chuo, nilikuwa nikiingia kwenye kipindi cha mtandaoni, nazima kamera na kuwachezea wanafunzi rekodi ya somo kana kwamba nipo, kisha naendelea na mambo yangu. Nilijiona mjanja kweli.

Rekodi ikafika pale ninapouliza, "Kuna swali?" na kunyamaza kidogo.

"Mwalimu," msichana mmoja akasema, "baba amefariki leo alfajiri. Naomba ruhusa nikamzike."

"Vizuri sana," sauti yangu ikamjibu. "Tuendelee."

Nikatoka mbio. Kabla sijaifikia kompyuta, nikamsikia kijana mmoja akiguna.

"Usilie, dada. Hiyo ni rekodi tu. Wiki ya tatu hii, tunamstahi tu."

Nikaizima rekodi, nikawasha kamera. Nikajiona kwenye kioo cha kompyuta: shavu moja limenyolewa, la pili jeupe kwa povu, na povu lenyewe likichuruzika taratibu hadi kidevuni. Sikulifuta.

"Pole sana, mdogo wangu," nikasema. "Nenda ukamzike baba. Ukirudi, somo hili nitakufundisha upya, mimi mwenyewe, hata ukiwa peke yako darasani."