Matofali Mawili

Amri ilitolewa kwamba dirisha la zahanati ya gereza lizibwe, kwa kuwa wagonjwa waliona barabara. Mfungwa Mwaluko, fundi mwashi, alijenga kando ya kitanda cha Mzee Chonya, mfungwa asiyeweza tena kuketi.

"Binti yangu hupita hapo kila Ijumaa akienda mnadani," mzee alisema. "Hajui kama namwona."

Mwaluko alipofika juu aliacha pengo la matofali mawili, akaosha mwiko.

"Mbona hujamaliza?" askari aliuliza.

"Matofali yamekwisha, afande."

Askari alipotoka, muuguzi aliinua ndoo ya fundi, akakuta matofali mawili chini yake. Aliinua kitanda upande wa kichwani, akayaweka chini ya miguu ya kitanda, macho ya mzee yakaelekea pengoni.

Ilikuwa Alhamisi.