Bonasi Kwenye Soksi

Gibson alikuwa ameshaiacha lami ya Sotik, bonasi ya majani chai iko ndani ya soksi ya kushoto, na mkewe Janeffer yuko nyuma yake hatua mia mbili, anajificha kwenye mistari ya chai, panga kalifunga ndani ya leso. Gibson hakujua anafuatwa.

Asubuhi alikuwa amemsihi. "Baba Winny, leo panda boda."

"Boda ni mia mbili, Mama Winny. Miguu ni ya bure."

"Mwaka jana miguu ya bure ilikutoa meno mawili."

"Na bei hii ya nyama, meno ni ya nini?"

"Na Winny?"

"Winny ataenda chuo."

"Kwa pesa gani?"

"Ataenda tu." Akavaa gambuti, akaondoka.

Miaka saba sasa, kila Oktoba, Gibson anapigwa kwenye njia ile ile. Bonasi inaenda, simu inabaki. Kwa polisi hataki kusikia. "Wataniomba ya petroli," husema. Kabla ya wezi kulikuwa na ndugu: huyu anataka mabati, yule mahari, na wenye baa wamemshika shati mpaka siku ya tatu hana kitu. Siku hizi ndugu wakija wanaangalia uso wake uliovimba, wanaangalia na uso wa Janeffer, ambao haujawahi kujua kudanganya, wanakunywa chai na kurudi kwao. Afadhali hiyo, lakini haiwezi kulipa karo. Unga umepanda, mbolea imepanda, na Winny ameitwa chuo cha uuguzi. Bila bonasi hii nafasi yake inapotea Ijumaa.

Penye mikaratusi akatokea mtu, gunia kichwani, matundu mawili ya macho. Rungu lilimpata Gibson begani, pigo la pili likaingia mbavuni. Akaanguka, akanyoosha mguu wa kushoto. Gambuti likang'olewa, soksi ikavutwa. Janeffer alimwona mumewe akisema kitu chini kwa chini, kama anayeomba. Akajibiwa ngumi ya jicho. Damu ikashuka mpaka kwenye kola.

Hapo Janeffer akafika.

"Hii ya unga!" Mkono ulioshika soksi ukabaki unaning'inia kwa ngozi. "Hii ya mbolea!" Bega likapasuka kama kuni mbichi. Mtu yule bado alikuwa na rungu kwenye mkono mzima, na hakuliinua. Gibson anatambaa, anapiga kelele, "Mama Winny, wacha! Wacha!"

"Nimewacha miaka saba!" La tatu alilipiga shingoni. "Na hii ya Winny!"

Akang'oa gunia. Alikuwa Kipkemoi, aliyetahiriwa kibanda kimoja na Gibson, mtu wa kunywa chai jikoni kwa Janeffer kila Jumapili baada ya kanisa.

"Kumbe ni nyoka nilikuwa namtilia sukari," alisema Janeffer, akamtemea mate.

Gibson alikuwa amemlalia yule mtu, anaziba shingo kwa viganja viwili, analia kwa jicho moja.

Kipkemoi alikufa kabla pikapu haijafika, akazikwa kwao Siongiroi. Janeffer alifungwa miaka tisa. Gibson amerudi kwenye baa za Sotik, na Oktoba iliyofuata ndugu zake walimmalizia bonasi kwa siku tatu. Winny yuko mwaka wa pili chuoni. Karo yake ililipwa yote mara moja. Kwenye sacco palikuwa na akaunti kwa jina lake, fomu imejazwa kwa mwandiko wa baba yake, na ndani yake bonasi saba, kila moja imeingizwa kesho yake baada ya kipigo, na sahihi ya mweka pesa, mara zote saba, ni ya Kipkemoi.