Rangi za Otto

Simu iliita, Verna Kangas akiwa bado na kijiko cha uji mdomoni.

"Mama, Otto ana rangi gani sasa hivi?"

Verna hakuwa na haraka. Alimeza uji wake, akafikiri kidogo. Ilikuwa bado dakika kumi saa moja ya asubuhi igonge, na taa ya kizimba cha Otto ilikuwa haijajiwasha.

"Kahawia," akasema. "Kahawia ya kukolea, kama kahawa ya marehemu baba yako. Amepoa, anangoja joto."

Kule Minneapolis, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, binti yake Renee alikuwa akimtazama Otto, yule kinyonga, kwenye simu, kwa kamera ndogo aliyoifunga mbele ya kizimba. Kweli alikuwa kahawia.

"Haya, Mama." Akakata.

Mambo haya yalianza Agosti. Kaia, binti wa Renee, alikuwa anaingia chuo, na bwenini wanyama hawaruhusiwi. Kinyonga wake alikuwa na miezi minne tu, urefu wa kalamu, na Verna alisema atamlea yeye. Renee hakupenda.

"Mama, wewe siku hizi unasahau. Juzi umetia chumvi kwenye kahawa ya mchungaji."

"Alikunywa, akaomba na kikombe cha pili."

"Alikuonea haya. Na lile koti lake kwenye msumari, ulilisalimia kwa nini?"

"Adabu haijawahi kumuua mtu."

Renee alikuwa ameshamwandikishia mama yake nafasi katika nyumba ya wazee, karibu na kwake. Verna, mwenye miaka sabini na tisa, hakutaka kutoka katika nyumba aliyozalia watoto wake wote. Wakabishana mpaka chakula kikapoa, mwisho wakapatana. Renee atapiga simu saa yoyote aitakayo, na mama atamwambia kinyonga ana rangi gani, ionekane kama akili bado iko macho. Akikosea mara moja, anahama. Akifika mwisho wa Novemba bila kukosea, habari ya kuhama haitatajwa tena.

Wiki ile ya mwisho kabla ya chuo, Kaia alihamia kwa bibi yake. Alimfundisha kunyunyizia majani maji, maana kinyonga hunywa matone, wala bakuli halijui. Alimfundisha kupaka nyenje unga wa kalsiamu kabla ya kumlisha. Lakini muda mwingi walizungumza rangi.

"Watu wanadhani anajigeuza afanane na jani au ukuta," Kaia alisema. "Si kweli, Bibi. Rangi ni hali yake. Akiwa na baridi anakoza. Akishapata joto anakuwa kijani cha majani machanga. Akilala anapauka. Akikasirika anajichora mistari. Ukijua anajisikiaje, umeshajua ana rangi gani."

"Kama babu yako," Verna akasema. "Rudia tena, polepole."

Septemba nzima Verna hakukosea. Oktoba, adhuhuri moja, Renee aliona kwenye kamera kinyonga amekuwa mweusi wakati ambao siku zote huwa kijani. Akapiga simu upesi, akijua leo amempata.

Verna aliweka kiganja juu ya kizimba, akakiacha hapo kitambo.

"Amekoza," akasema. "Taa imeungua. Wewe endelea na kazi zako, mimi namwita jirani aniletee nyingine."

Wiki iliyofuata Renee akauliza tena, na Verna akajibu kijani.

"Si kijani, Mama. Ana mabaka meupe mwili mzima."

Verna alihamishia simu sikio la pili.

"Huyu ni mtoto, anakua," akasema. "Ngozi ikimbana anaivua. Wewe umeniuliza rangi yake au nguo anazovua?"

Renee akakata simu.

Jumapili ya mwisho ya Novemba alikuja mwenyewe, bila taarifa. Aliingia kwa ufunguo wake, akapita moja kwa moja hadi kizimbani na koti lake jipya la njano, akasogeza uso karibu na wavu. Kinyonga akafoka kama tairi linalotoka upepo.

"Rudi nyuma, Renee," Verna akasema kutoka jikoni. Alikuwa amempa mgongo, mikono yote imezama kwenye unga wa mkate wa iliki, na hata hakugeuka. "Ameshajichora mistari huyo. Unamtisha mtoto wa watu."

Renee alitazama. Mistari ilikuwapo, minene, na koo lilikuwa limevimba. Alisimama pale mpaka theluji ya viatuni ikayeyuka zuliani.

"Mama, wewe una macho kisogoni," akasema.

"Kila mama anayo."

Renee alivuta kiti, akakaa. Akapiga simu nyumba ya wazee mbele ya mama yake na kuifuta ile nafasi. Kisha akamwomba mama yake radhi huku akilia. Nilidhani akili inakuacha, akasema, kumbe unanishinda hata mimi. Verna alimfuta machozi kwa aproni yenye unga, akamkatia kipande kikubwa cha mkate. Kabla ya jioni Renee aliaga, maana redio ilikuwa imetangaza theluji zaidi.

Verna alisimama mlangoni mpaka mlio wa gari ukapotelea kilimani. Kisha akarudi ndani, akipapasa ukuta, mgongo wa kiti, ukingo wa meza, mpaka mkono wake ukaipata simu. Akabonyeza kitufe cha kwanza.

"Kaia, ameondoka. Tumeshinda." Alingoja mjukuu wake amalize kucheka. "Sasa niambie, mwanangu. Miezi mitatu nakaa na huyu bwana nyumba moja. Hivi ana sura gani?"