Jina Juu ya Lokole

"Citoyenne, mwanaume gani atakusemea?" aliuliza hakimu wa baraza, beji ya Chama tawala ikimetameta kifuani.

"Nitajisemea," Germaine alijibu.

Wanaume walicheka. Shemeji yake, aliyemfukuza nyumbani na shambani mara tu baada ya mazishi ya mumewe, alicheka kuliko wote.

"Bon. Huku kesi inafunguliwa na lokole, inaita jina ya mwanaume mwenye kusema. Wako iko wapi?"

"Iko mu udongo."

"Donc, kesi hakuna."

Germaine aliitazama lokole, ile ngoma ya gogo. Mwanamke haigusi. Lakini tangu utoto aliisikia ikipeleka habari ng'ambo ya mto, na lugha yake aliielewa kama wanaume walivyoielewa.

Akainuka, akashika fimbo za kuipigia, zenye vichwa vya mpira. Vidole vyake vilinuka samaki.

"Acha! Utatuletea mukosi!" shemeji alifoka.

"Mukosi ni weye."

Alipiga jina alilopewa na baba yake. Kisha akapiga: njooni barazani.

Mtoni, mitumbwi ya wanawake wenzake wauza samaki, waliokuwa wakienda soko la Kisangani, ilisita. Mmoja ukageuka. Halafu yote.

Walipanda ukingo na makasia mikononi, wakaketi mbele ya meza ya hakimu mpaka nafasi ya kupita ikakosekana. Shemeji alikuwa hacheki tena.

Hakimu alijifuta jasho.

"Alors, mama Germaine. Lokole imelia, kesi imefunguka. Sema."

Germaine alianza kusema, fimbo zikiwa bado mkononi.